Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Kubadilisha Dawa ya Skizofrenia

Uwe jikoni, shambani au dukani, isogeze redio karibu kidogo. Kama unamtunza mwana, mume, dada au mzazi anayetumia dawa za ugonjwa wa skizofrenia, mazungumzo ya leo ni yako. Tutazungumzia jambo moja tu: ufanye nini wakati daktari anapombadilishia mgonjwa wako dawa.

Kwanza tukumbushane. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaotokana na mabadiliko katika utendaji wa ubongo. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba majirani wanamfuata au wanamtilia sumu, kusema maneno yasiyoshikana, au kujitenga na watu na kuacha hata kuoga. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana, na kwa wanaume huanza mapema kuliko kwa wanawake. Hausababishwi na laana, wala kurogwa, wala malezi mabaya ya mama. Dawa hutuliza dalili hizi na kumsaidia mgonjwa kuishi na watu, kusoma na kufanya kazi. Lakini dawa moja haiwafai watu wote, na ndiyo sababu wakati mwingine hubadilishwa.

Nina kisa kimoja ambacho sijakisahau. Mama mmoja alikuja kliniki na kijana wake wa miaka 23. Kijana alikuwa akitumia tembe za haloperidoli. Sauti zilikuwa zimenyamaza, lakini mikono ilimtetemeka hata akishika kikombe cha chai, nusu inamwagika. Alikuwa ameanza kuona haya kula mbele ya watu. Daktari akaamua kumhamisha kwenye dawa nyingine iitwayo olanzapini, pole pole, huku ile ya kwanza ikipunguzwa. Mimi ndiye niliyemkabidhi mama ile dawa mpya. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nikamwambia, "Mama, mpe hii kila usiku." Sikumwandikia afanye nini na zile za zamani.

Mama akafika nyumbani, akazitupa tembe za zamani zote chooni. Kwake yeye, dawa mpya imekuja, ya zamani imekwisha kazi. Siku ya tatu kijana hakulala. Alitapika, akatokwa na jasho, akawa anatembea huku na huku uani. Wiki ya pili sauti zikarudi. Akakataa chakula cha mama yake akisema kimetiwa sumu, na usiku mmoja akatoweka. Walimpata baada ya siku mbili kando ya barabara kuu, miguu imevimba kwa kutembea. Alilazwa, na namshukuru Mungu alipata nafuu. Mama hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo simpi mlezi dawa mpya kabla ya kumwuliza, "Na zile za zamani utazifanyaje?"

Swali hilo ndilo ninalotaka ulibebe leo. Muuguzi au daktari akisahau kukuuliza, muulize wewe: "Na hizi za zamani tuzifanyeje?"

Sasa, kwa nini dawa hubadilishwa? Sababu ni nyingi, lakini nne ndizo tunazoziona mara kwa mara.

Ya kwanza ni madhara. Dawa kama haloperidoli zinaweza kuleta kutetemeka, kukakamaa kwa viungo, kudondokwa na mate, au kutotulia kiasi kwamba mtu hawezi kukaa kitini. Dawa kama olanzapini haziletei watu wengi shida hizo, lakini zinaweza kuongeza uzito na sukari katika damu.

Ya pili ni dawa kutofanya kazi. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, kwa kawaida daktari huipa wiki 4 hadi 6, mgonjwa akiimeza kila siku kwa kipimo kinachofaa. Ndiyo maana atakuuliza kama mgonjwa ameimeza kweli. Sema ukweli, hutagombezwa. Ukificha kwamba tembe nyingine zilibaki chini ya godoro, daktari anaweza kuongeza au kubadilisha dawa isiyokuwa na kosa.

Ya tatu ni ugumu wa kumeza tembe kila siku. Mgonjwa anaweza kuhamishiwa kwenye sindano ya muda mrefu. Wengi wenu mnaijua ya flufenazini kwa jina la Modecate, ambayo kwa wagonjwa wengi hudungwa kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Ya nne ni dawa kukosekana, au bei kuishinda familia. Hapa nakusihi: usingoje tembe ya mwisho iishe. Nenda kliniki dawa zikiwa zimebaki za wiki moja, ili kuwe na nafasi ya kupanga. Na usiazime tembe kwa jirani ambaye mgonjwa wake anafanana na wako. Dalili zinaweza kufanana na dawa zikawa tofauti kabisa.

Pengine unajiuliza, kwa nini tusiache moja leo na kuanza nyingine kesho? Mwili wa mgonjwa umezoea dawa ya zamani. Ikiondolewa ghafla, anaweza kukosa usingizi, kutapika, kutokwa na jasho na kuhangaika. Nayo dawa mpya, ijapokuwa imeshaingia mwilini, huhitaji majuma kadhaa kabla ya kutuliza dalili sawasawa. Hapo katikati mgonjwa hubaki bila kinga, na ugonjwa hurudi. Kwa hivyo, mara nyingi dawa ya zamani hupunguzwa kidogo kidogo huku mpya ikiongezwa kidogo kidogo, na kwa majuma kadhaa mgonjwa hutumia zote mbili. Usishtuke ukiona hivyo. Ni kama kumhamisha mtoto kutoka mgongo wako hadi mgongo wa dadake: huachilii leso mpaka yule mwingine amemshika vizuri.

Mwendo wa kupunguza na kuongeza hupangwa na daktari kwa kila mgonjwa peke yake. Usinakili ratiba ya mtu mwingine. Ziko nyakati ambapo dawa husimamishwa mara moja kwa sababu ya hatari kubwa, lakini uamuzi huo ni wa mhudumu wa afya aliyemwona mgonjwa.

Kwa sindano za muda mrefu, kumbuka kwamba dawa hubaki mwilini kwa majuma mengi, hata miezi, baada ya sindano ya mwisho. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima bila dawa yoyote, familia ikasema amepona, kisha ugonjwa ukarudi baadaye wakati hakuna anayeutarajia.

Tembe nyingine ya kuangalia ni Artane, ambayo wengi hupewa kuzuia kukakamaa na kutetemeka. Dawa kuu ikibadilishwa, Artane mara nyingi huendelea kwa muda kidogo, kisha nayo hupunguzwa pole pole. Usiiondoe mwenyewe, wala usiwape wengine.

Wewe mlezi ndiwe macho ya daktari nyumbani. Chukua daftari la watoto la shule, na kila jioni uandike mambo manne: amemeza dawa gani, amelala saa ngapi, amekula nini, na kuna jambo gani jipya. Dalili za kwanza za ugonjwa kurudi huwa ndogo. Anaanza kukesha, anaacha kuoga, anacheka peke yake, anachunguza chakula, anafunga madirisha mchana. Wewe unazijua za mgonjwa wako kuliko sisi. Ukiziona, rudi kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Lakini mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona haya: homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao na kuchanganyikiwa, shingo kupinda, macho kugeukia juu au ulimi kukakamaa, kifafa au kuzirai, kukataa kula na kunywa kabisa, au akizungumza juu ya kujiua au kumdhuru mtu. Beba pakiti za dawa zote anazotumia, mpya na za zamani.

Mwambie daktari pia kuhusu dawa nyingine na vitu vingine anavyotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa zinaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za skizofrenia. Sigara nayo hupunguza kiasi cha olanzapini na klozapini katika damu, na mgonjwa akiacha kuvuta ghafla, kiasi hicho hupanda. Hatusemi aendelee kuvuta, tunasema daktari ajue. Bangi na miraa huweza kuamsha dalili hata kama dawa ni nzuri.

Kina mama na kina dada wagonjwa, hili ni lenu. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kusimamisha hedhi, au kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha. Akihamishiwa dawa nyingine kama olanzapini, hedhi huweza kurudi, na uwezo wa kushika mimba nao hurudi. Wengine hupata mimba bila kutarajia. Zungumzeni juu ya kupanga uzazi kabla ya kubadilisha. Na kama tayari ni mjamzito, asiache dawa kwa hofu. Aende kliniki apewe ushauri.

Kwa mgonjwa ambaye dawa mbili tofauti zimejaribiwa vizuri na hazikumsaidia, daktari bingwa, kwa mfano katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, anaweza kupendekeza klozapini. Husaidia wengi walioshindikana, lakini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Kwa sababu hiyo damu hupimwa kila wiki katika miezi ya kwanza. Akipata homa au koo kuuma, aende hospitali apimwe damu mara moja. Na akikosa klozapini kwa zaidi ya siku 2, asirudie kipimo cha zamani. Arudi kwa daktari, kwa maana huanzishwa upya kwa kiasi kidogo.

Mpenzi msikilizaji, kabla hatujaagana, chukua kalamu. Siku dawa itakapobadilishwa, usitoke kliniki bila kuandikiwa majibu haya. Dawa mpya inaitwaje, na anaanza na kiasi gani? Ya zamani inapunguzwa vipi, na siku ya mwisho kuimeza ni lini? Artane je? Tutarudi lini? Tukiona hatari kabla ya siku hiyo, twende wapi? Kama husomi, mwombe muuguzi akuwekee tembe za asubuhi na za usiku katika bahasha mbili, achore jua kwenye moja na mwezi kwenye nyingine. Hilo si usumbufu, ni kazi yetu. Na tembe zitakazobaki mwishoni, usizitupe chooni wala usizihifadhi juu ya kabati. Zirudishe kliniki.

Muhimu pia, mshirikishe mgonjwa mwenyewe. Dawa inaingia mwilini mwake, si mwako. Muulize ni jambo gani katika dawa ya zamani linalomchosha, na anatumaini nini kwa hii mpya. Yule kijana wa chai, baada ya kutoka hospitalini, alihamishwa tena kwenye dawa ile ile mpya, safari hii pole pole, na mama akiwa na daftari lake. Nilipomwona mara ya mwisho alinyosha mikono yote miwili mbele yangu, akanyamaza ili nitazame. Ilikuwa imetulia.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi naongeza: hata kama msala mpya ni mzuri na umekuja kukaa, usikunje mbacha wako kabla ule mpya haujatandikwa.

Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Kwaheri.