Sanduku la Kufuli Tatu

Wajuzi wa mambo ya fedha wajapo Lindi na Kilwa, aghalabu humwambia mkulima wa korosho na mvuvi wa Somanga kwamba kuweka akiba benki ni ustaarabu na kuificha katika kibubu ni ujinga. Nami husikitika, kwa kuwa mtu huyo anayedhaniwa mjinga anaijua hatari ya kudhulumiwa kuliko mwalimu wake, maana imempata.

Tutazame Warusi, ambao hapana awezaye kusema hawakusoma. Januari 1991 serikali yao ilitangaza usiku kwamba noti za rubli 50 na 100 zimekoma, na raia wakapewa siku tatu tu za kuzibadili. Mwaka uliofuata bei zilipoachiwa, akiba za umri mzima zilizokuwa katika benki ya serikali zikawa si kitu. Na Agosti 1998, watu walipoanza kutulia, sarafu yao ikaanguka tena. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeficha dola nyumbani baada ya hayo alikuwa na hoja.

Huku kwetu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani na kulipwa baadaye, ulianza kwenye korosho mwaka 2007, kwa nia njema ya kumwokoa mkulima na walanguzi wa kangomba, yaani ununuzi wa magendo kwa bei ya chini. Lakini Aprili 2013, malipo ya pili ya korosho hizo yalipotoka pungufu ya yaliyotarajiwa, Liwale, mkoani Lindi, iliwaka moto, na nyumba za watu zikateketezwa, jambo ambalo haliwezi kuhalalishwa ila lazima lifahamike. Tena Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyomfurahisha kila mtu, kisha wengi wakangoja fedha zao miezi kadhaa, na ada za watoto hazikungoja.

Sasa ingia katika kikoba, kikundi cha akiba na mikopo, cha kina mama. Wameketi mkekani, mbele yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali, ambao hakuna hata mmoja wao alalaye na sanduku. Kabla halijafunguliwa huulizwa, "Tuliacha ngapi?", nao wote, hata asiyejua kusoma, hujibu kwa pamoja jumla waliyoikariri mkutano uliopita, kisha fedha humwagwa na kuhesabiwa hadharani, noti kwa noti. Wamo wasiokubali ziada juu ya mkopo kwa kuhofu riba, na kikundi huwaheshimu. Mwisho wa mwaka kikoba huvunjwa, kila mmoja akaondoka na chake. Hiyo ndiyo itibari.

Wala msiseme watu wa mwambao wanaogopa mambo mapya. Fedha za simu zilizoingia nchini mwaka 2008 zimekubalika, kwa sababu anayetumiwa asubuhi huzichukua kwa wakala siku hiyo hiyo, taslimu mkononi.

Basi wanaosimamia minada ya korosho na vyama vya msingi vya ushirika, kabla ya kutuma mwalimu mwingine wa akiba, wamtajie mkulima siku ya malipo kabla hajaliacha gunia lake ghalani, na siku hiyo wamlipe haki yake kamili.