Lami ya kangomba: Mjomba alivyoingizwa mkenge Newala

Basi bwana, nafika Newala natokea Masasi, vumbi hadi kwenye kope, namkuta mjomba wangu kakaa kwenye kigoda mbele ya uwanja wake. Mkononi kashika kipande cha lami, anakimenya kwa kucha kama anamenya korosho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu biskuti."

Nilicheka, yeye hakucheka. Ile lami kweli ilikuwa biskuti. Unaikunja, inakatika. Chini yake mchanga mwekundu mtupu, laini kama unga.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Newala iko kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Na kwetu sisi tunaohesabu ukoo kwa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Akitapeliwa yeye, tumetapeliwa wote.

Uwanja wenyewe una mita 40 kwa 30, na uko mbele ya ghala analolipangisha wakati wa msimu wa korosho. Malori yalikuwa yanazama mvua zikianza, mpangaji akasema mjomba asipoweka lami, msimu ujao anahamia kwingine. Mzee akakusanya pesa ya korosho zake za misimu miwili. Hiyo ilikuwa mwaka 2021.

Ndipo akatokea jamaa mmoja, miwani ya jua, simu mbili mkononi, maneno kama maji ya bomba la mjini. "Mzee wangu, hii kazi siku tatu tu. Mita ya mraba nakufanyia bei ya ndugu." Mjomba akaona bei nafuu, akashika mkono. Mkataba ukawa nusu ukurasa wa daftari la shule. Asilimia 70 ya pesa ikatolewa kabla hata tipa moja halijaonekana.

Sasa hebu niambie, mshikaji, bei ya mita ya mraba bila kutaja unene ni bei ya nini? Ni sawa na kununua kitambaa kwa kuangalia rangi. Jamaa akaja na matipa manne ya tani 15 hivi kila moja, mwezi wa Novemba mwishoni, mawingu yameshatanda. Mashine ya kushindilia ilikuwa ndogo, ile ya kusukuma kwa mkono. Lami yenyewe ilishatoka mbali, imepoa njiani. Vijana wakawa wanaitandaza kwa makoleo. Lami ya moto hutandazwa ikiwa na nyuzi joto kama 140, na ikishuka chini ya 90 hivi haishindiliki tena hata ukiita tembo. Kufika Februari uwanja ulikuwa na mashimo ya kufugia bata. Simu zote mbili za yule bwana, hazipatikani.

Mimi nilichofanya ni hesabu ya darasani. Tani 60, mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina kama tani 2.4, gawanya kwa mita za mraba 1,200. Inakuja sentimita mbili! Chapati! Mjomba alidhani kanunua tano. Kwa sentimita tano angehitaji tani 144.

Hapo ndipo mzee alipokasirika kweli. Huyu ni mtu wa korosho. Maisha yake yote anagombana na mizani. Wakileta kangomba, ule mchezo wa kumpimia mkulima korosho kwa bakuli na kumlipa bei ya kutupa kabla ya mavuno, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. "Kumbe mimi nimeuziwa lami kwa bakuli," akasema.

Tukarudi kwenye makaratasi. Jamaa aliacha kivuli cha cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile iliyoundwa kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997. Cheti kilikuwa na nembo na mhuri, kila kitu. Ila ukikisoma, kilikuwa cha mkandarasi wa majengo, si wa barabara, na jina lililoandikwa si lake. Hakuna aliyekisoma. Makandarasi wamepangwa kwa fani na kwa madaraja, la kwanza mpaka la saba, na majina yao yako wazi kwa bodi. Kuulizia ni simu moja tu. Tungeipiga 2021, mjomba angekuwa na lami.

Mwaka 2024 mzee akajaribu tena, safari hii mimi ndiye karani wake. Tukaita watu watatu. Wa kwanza alikuja na bei ya chini kabisa. Kumbe mitaro kaiacha nje ya makadirio. Wa pili tulimwambia, "Tupeleke kwenye kazi yako iliyopitiwa na mvua," akaanza kutuonyesha picha kwenye simu. Picha! Hata mimi nina picha nimesimama na ndege.

Wa tatu alikuwa mkimya, shati limechomolewa. Alichouliza kwanza ni: "Mzee, malori ya aina gani yatapaki hapa, na yanageuzia wapi?" Halafu akaomba jembe, akachimba shimo katikati ya uwanja. Alikuwa ghali kuliko yule wa kwanza. Nikamwambia mjomba, huyu ndiye.

Shida ya Newala ni mawe. Juu ya uwanda ni mchanga mwekundu tu, kokoto zinatoka chini, kwenye milima ya mawe kama ile ya Masasi, zinapandishwa mlima na matipa. Ndiyo maana lami huku ni ghali, na ndiyo maana barabara yenyewe ilichelewa: kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kilianza 2017, na kilomita 160 za Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi zikaja baadaye kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Na kabla ya kokoto moja kumwagwa, kuna gharama ya kuhamisha mitambo, hata kama kiwanja chako ni cha kuchezea bao.

Yule mkimya akatupunguzia kwa akili. Tabaka la chini akachanganya mchanga wetu na saruji, ambayo inatengenezwa hapo hapo Mtwara. Uwanja akauinamisha sentimita mbili kila mita, maji yaende mtaroni na si kwa jirani. Pale malori yanaposimama kupakia akakataa lami kabisa, akamwaga zege, kwani dizeli ikidondoka kila siku inaiyeyusha lami ikawa uji. Kazi akaifanya Agosti, jua kali.

Mkataba ulikuwa na kurasa tisa. Unene umeandikwa, malipo kwa hatua, malipo ya awali kwa dhamana ya benki tu, na asilimia 10 inabaki kwa mjomba mwaka mzima wa uangalizi. Kila tipa lilipitishwa kwenye mizani ya magari kabla ya kumwaga. Mjomba alisimama hapo na daftari, kofia kichwani, kama karani wa chama cha msingi. Jumla tani 147. Tukatoboa vitundu vitatu, rula ikasoma sentimita tano, tano, na tano na nusu. Yule mkandarasi hata hakununa. Alisema wenye kiwanja wengi hawamuombi.

Mpangaji alibaki. Semitrela la kwanza la korosho lilipogeuka, mjomba alipiga magoti nyuma ya matairi na rula yake, dereva akidhani mzee kadondosha pesa. Mvua zilipoanza alikuwa anatoka alfajiri na mwavuli kuangalia maji yanaelekea wapi. Na mkandarasi akipiga simu kuulizia asilimia 10 zake, mjomba alimjibu kwa upole kabisa: "Mvua bado hazijakatika, mwanangu."