Grili ya Peleti: Ununue ya Sasa Ama Ungoje Mpya? Soma Hii Kabla Utoe Doh

Umesave doh, unataka ile grili ndogo ya peleti ya kubeba mkienda Naivasha na mbogi. Kabla ulipie, unaskia kuna mpya inakuja. Utafanya aje?

Kwanza elewa hii mashine. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa. Skrubu inazisukuma kwa moto, feni inapuliza, kompyuta ndogo inashikilia joto. Bila stima, hakuna choma.

So usidanganyike na apu mpya. Uliza kama inakubali betri ya gari, volti 12, vile Davy Crockett ya Green Mountain Grills hukubali. Na kama kaka yako anakutumia kutoka Marekani, kumbuka stima ya huko ni volti 120, yetu ni 240. Ukichomeka hivyo tu bila transfoma, umeichoma kabla ya nyama.

Mpya ikitoka, ya zamani mara nyingi hushuka bei. Kama huna haraka, ngoja. Sherehe ni wikendi hii? Chukua ya sasa.

Lakini kama hujui utatoa peleti wapi, wachana na zote mbili. Jiko la makaa bado liko, msee.