Jinsi Rada Inavyokisia Mvua ya Mlimani

Mkulima ambaye shamba lake liko kando ya mto utokao mlimani analijua jambo hili: mto waweza kujaa kwa muda mfupi sana, hali kwake hapakuanguka hata tone moja. Mvua imenyesha huko juu, katika misitu na majabali, mahali ambapo hakuna mtu wala kipima mvua. Basi nani atasema imenyesha mvua kiasi gani, tena aseme mapema, kabla maji hayajafika darajani na kwenye zizi la ng'ombe? Siku hizi wataalamu wa hali ya hewa hutumia rada. Ni chombo cha ajabu, lakini kina udhaifu wake, nao umepata kuleta hasara.

Rada hutupa angani mawimbi ya namna moja na yale yaletayo sauti katika redio yako. Mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Yakikutana na matone ya mvua, sehemu ndogo yake hurudi kama mwangwi. Kwa kupima muda wa kwenda na kurudi, mtaalamu hujua mvua iko umbali gani. Kwa kupima nguvu ya mwangwi, hukisia ni kubwa kiasi gani. Angalia neno hilo: hukisia. Rada haipimi milimita za mvua. Inasikia mwangwi tu, na milimita hupatikana kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ina shida. Tone lenye upana wa milimita 4 lina maji mara 8 kuliko tone la milimita 2, lakini mwangwi wake ni mara 64. Kwa hiyo tone kubwa moja hutoa mwangwi sawa na matone madogo 64, ingawa hayo madogo yakikusanywa yana maji mara 8 kulishinda. Ni kama mtu aliyesimama nje ya nyumba ya mkutano: mlevi mmoja akipiga makelele, atadhani nyumba imejaa, watu mia wakinong'ona, atadhani ni wachache. Mwaka 1948 Marshall na Palmer, huko Kanada, walitangaza kanuni ya kugeuza mwangwi kuwa mvua, na baadaye zikatungwa nyingine nyingi. Kila moja hufaa kwa mvua ya aina yake. Mvua ya mawe, kwa mfano, hudanganya rada ikadhani maji ni mengi kuliko yalivyo.

Lakini udanganyifu wa upande wa pili ndio unaoua watu. Katika mji wa Fort Collins, Marekani, chini ya milima ya Rocky, mvua kubwa ilinyesha jioni ya tarehe 28 Julai 1997. Upande wa magharibi, karibu na milima, zilianguka inchi zaidi ya 10, yaani milimita 250 na zaidi, nyingi zikianguka kwa saa chache. Mvua ya milimita 250 juu ya eka moja ni lita milioni moja, au madebe 50,000 ya lita 20. Kijito kipitacho mjini kilifurika na watu 5 wakafa. Mawingu yalikuwa ya namna ya nchi za joto: mawe machache, matone madogo mengi mno. Kwa kanuni ya kawaida, rada ilihesabu mvua pungufu sana kuliko ile iliyoanguka kweli.

Kusini ya hapo kuna bonde la mto Big Thompson. Tarehe 31 Julai 1976 upepo wenye unyevu ulipanda mlima, na kwa kuwa upepo wa juu ulikuwa dhaifu, wingu likasimama mahali pamoja. Karibu inchi 12 zilianguka na watu zaidi ya 140 wakapoteza maisha, wengine wakiwa sehemu za chini ambako mvua haikuwa kubwa.

Mlima nao huleta shida ya pili. Mawimbi ya rada huenda karibu na mstari ulionyoka, na dunia imepinda. Hivyo kadiri wingu lilivyo mbali, ndivyo rada inavyoona sehemu yake ya juu tu. Na jabali likiwa katikati, nyuma yake rada ni kipofu.

Rada za siku hizi hutupa mawimbi ya namna mbili, yaliyolala na yaliyosimama. Tone kubwa likianguka hubonyea na kuwa bapa kama andazi, kwa hiyo mawimbi yaliyolala huchelewa zaidi kidogo kulipita. Kwa tofauti hiyo mtaalamu hupambanua matone na mawe, na makisio ya mvua kubwa huwa bora. Rada ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ilitumia njia hiyo siku ile ya 1997, na hesabu yake ilikaribia vipima mvua kuliko ile ya kawaida.

Hata hivyo, ukweli ulijulikana kwa ndoo. Baada ya gharika wataalamu waliwauliza wenyeji maji yalifika wapi katika vipima mvua vyao na vyombo vilivyoachwa uani. Wakaona kwamba, kilomita chache mashariki ya mahali palipopata inchi 10, hazikufika hata 2. Mwaka 1998 likaanzishwa huko kundi la raia wapimao mvua nyumbani, ambalo sasa limeenea Marekani yote.

Nawe waweza kupima. Weka kipima mvua mahali peupe, mbali na miti na paa, ukisome kila siku saa 3 asubuhi. Huna? Tumia mkebe wenye kuta zilizonyoka wima, uwe mtupu kabla ya mvua, upime kina kwa rula. Ndoo iliyopanuka mdomoni haifai, kwa maana huonyesha mvua nyingi kuliko iliyoanguka. Ukikuta chombo kimefurika, usikisie. Andika kwamba kimefurika, na saa uliyokikuta.