Dhahabu Inayonasa Zebaki Majini

Wakazi wa Gungu na Ujiji, hapa Kigoma, wanajua kuchemsha maji ya kunywa, kipindupindu kimewafundisha. Lakini moto unaoua vijidudu hauondoi zebaki, risasi wala kadimiamu. Risasi, kwa mfano, haipai na mvuke: maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale. Wala huioni kwa macho, hata maji yawe maangavu namna gani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, na zebaki isizidi 6. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kukamata kiasi kidogo hivyo kumehitaji mashine za bei kubwa, umeme wa uhakika na mtaalamu wa kuziendesha.

Njia nyepesi zaidi ilianza kufunguka mwaka 2007, wanasayansi wa China walipoonyesha kwamba chembe ndogo mno za oksaidi ya chuma zinafanya kazi kama vimeng'enya vya mwilini: zinachochea kemikali zitendane haraka. Ukizitia pamoja na hidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, na kemikali isiyo na rangi iitwayo TMB, mchanganyiko unageuka buluu.

Chembe ndogo mno za dhahabu nazo huchochea hivyo, ila kwa unyonge. Zebaki ikiwemo majini, huganda juu ya dhahabu na kuipa nguvu, na buluu inakolea. Wachimbaji wadogo wa Geita na Mpanda wanaufahamu vizuri urafiki huo, kwani wao humwaga zebaki ili inase dhahabu. Hapa kazi imegeuzwa: dhahabu ndiyo inayonasa zebaki, na jibu linasomeka kwa macho ndani ya kichupa.

Tusilipokee jibu hilo kwa pupa. Chumvi, matope na metali nyingine zinaweza kuipotosha rangi, kwa hiyo kila sampuli ipimwe sambamba na maji safi, na ile inayotia shaka ipelekwe maabara.

Kuna jambo kubwa zaidi. Bakteria hugeuza zebaki kuwa sumu inayopanda kutoka vijimea vya majini hadi kwa dagaa, kisha kwa migebuka wanaowala, ikiongezeka kila hatua. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 uliwaingia watu kwa samaki, na watoto waliathirika wakiwa bado tumboni. Kupima maji peke yake hakutoshi kwa mji unaokula samaki kila siku.

Ningependa kipimo hiki cha zebaki kianzie mdomo wa mto Luiche na bandarini, na maji ya mitaro inayopita gereji ambako betri chakavu zenye risasi hupasuliwa yapimwe risasi maabara. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) wapo Kigoma hapahapa. Wapime minofu ya migebuka sambamba na maji, na matokeo yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili, mahali mama anaponunulia kitoweo.