Saa za vipindi vya runinga humnyima mtoto usingizi na chandarua

WAZAZI wengi mijini Migori na Homa Bay huuliza ni vipindi gani vya runinga vinavyowafaa watoto. Swali hilo ni zuri, lakini kuna lingine linaloulizwa mara chache: vipindi hivyo vinatazamwa saa ngapi? Kwa mtoto anayeishi karibu na Ziwa Victoria, huenda swali hili la pili likawa na uzito zaidi.

Stesheni kubwa za Kenya hupanga jioni kwa njia inayofanana. Taarifa ya habari kwa Kiswahili husomwa saa 1 usiku na ya Kiingereza saa 3. Katikati huwekwa tamthilia, vichekesho na mara nyingine michezo ya maswali na zawadi, ile ambayo familia nzima hukaa kuitazama, mtoto akishindana na babake kujibu kabla ya mshiriki. Mpangilio huo ni wa kibiashara. Ndio wakati watu wengi wako nyumbani, na ndipo matangazo hulipiwa ghali. Hakuna aliyepiga hesabu ya saa za kulala za mtoto wa Oruba.

Hebu tuipige sisi. Mtoto wa miaka 8 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, kulingana na mapendekezo yaliyotolewa na wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016. Iwapo huamshwa saa 11.30 alfajiri ili awahi shuleni, basi inafaa awe amelala ifikapo saa 2.30 usiku ili apate angalau kile kiwango cha chini. Akingoja mchezo umalizike saa 3, amepoteza nusu saa. Akiachwa hadi saa 4, amepoteza saa moja na nusu, na kwa siku tano za shule hizo ni saa saba na nusu, karibu usiku mzima. Si lazima mwalimu amwone akisinzia. Mara nyingi mtoto aliyekosa usingizi huwa mtukutu, hukasirika upesi na husahau alichofundishwa jana, kisha akaadhibiwa kwa utundu.

Kuna wazazi wanaojitetea kwamba kipindi chenyewe ni cha heshima. Ni kweli kwamba kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano (CA), zilizoanza kutumika Julai 2016, zilizitaka stesheni zisionyeshe mambo yasiyofaa familia kati ya saa 11 asubuhi na saa 4 usiku. Lakini kanuni hiyo inahusu yale yanayoonyeshwa. Haikusema kwamba saa 4 ni saa ya mtoto kwenda kulala.

Sasa tuje kwa jambo ambalo vitabu vya ulezi kutoka Ulaya haviwezi kulitaja. Migori na Homa Bay zimo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria huambukizwa mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, uliowapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 14, ulipata vimelea vya malaria katika watoto 19 kati ya kila 100 wa ukanda huo, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6. Mbu wa Anopheles hutafuta damu tangu magharibi hadi alfajiri. Wengi wao huuma usiku wa manane, lakini wapo wanaoanza mapema jioni.

Chandarua chenye dawa humkinga zaidi aliye ndani yake. Mtoto aliyeketi kwenye kochi akiwa na kaptura, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto, hana kinga hiyo hata kama chandarua kipya kinaning'inia chumbani. Upuliziaji wa dawa kutani, uliofanywa Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka uliofuata, humuua mbu anapotua ukutani, na mara nyingi hutua baada ya kuuma. Nayo chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, hupunguza ugonjwa lakini haiuondoi. Kwa hiyo kila jioni ya kukesha mbele ya runinga ni saa moja au mbili zaidi za mtoto kuwa nje ya chandarua.

Je, mtoto anyimwe mchezo anaoupenda? La. Hapa ndipo mabadiliko ya miaka ya karibuni yanaweza kumsaidia mzazi. KTN ilipoanza mwaka 1990, kipindi kikipita kilikuwa kimepita, na mtoto aliyekikosa aliona wenzake wakikisimulia kesho yake. Siku hizi stesheni nyingi huweka vipindi vyao kwenye YouTube baada ya kuvirusha. Mchezo wa Jumatano usiku unaweza kutazamwa Jumamosi saa 4 asubuhi, mtoto akiwa amelala vya kutosha. Vipindi vya watoto navyo vimeongezeka: Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam tangu 2014, na Akili Kids!, stesheni ya Kenya iliyoanza Machi 2020 shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Covid.

Lakini simu ina hila yake. Kipindi cha runinga huisha, habari zikaanza, na nadhani habari za saa 3 zimelaza watoto wengi kuliko nyimbo za kubembeleza. Kwenye simu video moja ikiisha nyingine hujianzisha yenyewe. Tena simu huingia hata ndani ya chandarua! Hapo mtoto amekingwa dhidi ya mbu, lakini mwanga ulio karibu na macho huuchelewesha mwili kujiandaa kulala, na msisimko wa mchezo humweka macho.

Inafaa basi mzazi azime kile kitufe cha video kufuatana, akihifadhi kipindi kimoja au viwili tu mchana, na simu ilale chumba cha watu wazima. Runinga izimwe nusu saa kabla ya mtoto kwenda kulala. Ikiwa wakubwa wanataka kuendelea kutazama, sauti ipunguzwe, na mtoto awe tayari yuko chini ya chandarua. Nyumba ya chumba kimoja ni ngumu zaidi. Humo afadhali chandarua kifungwe mapema na kitanda kitengwe kwa pazia.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2019 kwamba wasiofika mwaka mmoja wasitazamishwe runinga wala simu kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku.

Mtoto akiamka amechoka na mwili una joto, usiseme ni uchovu wa kukesha. Apelekwe zahanati apimwe malaria siku hiyo hiyo. Katika vijiji vingi vya kaunti hizi mbili, wahudumu wa afya ya jamii pia hupima kwa tone la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana baada ya dakika chache.