Pikapu ya Kikundi Ikizima-Zima: Chanzo Ni Nini?



Vikundi vingi vinavyopeleka maziwa, kabeji au ndizi sokoni vinatumia pikapu za zamani. Bei yake ni nafuu na zinastahimili barabara zetu. Lakini malalamiko tunayoyasikia kila mara ni haya: "Ukikanyaga mafuta inaenda vizuri, ukiachilia inazima." Au: "Asubuhi ni sawa, jua likiwaka inatuacha njiani." Maziwa nayo hayangoji. Yakichelewa juani yanakataliwa, na hasara ni ya wanachama wote, si ya dereva peke yake.

Safari hii tutaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kutoa pesa. Hatutaki kumfanya kila mtu fundi. Tunataka kamati ijue la kumwuliza fundi, na ijue kama jibu lake lina maana.

Tunayosema ni ya injini za petroli zenye kabureta na pointi. Za dizeli, na zile zinazoongozwa na kompyuta, ni habari nyingine. Msizidharau injini hizi za zamani. Datsun 240Z, lile gari la mbio lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, lilikuwa na kabureta na pointi kama pikapu yenu. Lilikuwa na silinda sita na kabureta mbili, lakini likikataa kunguruma polepole, sababu ni hizi hizi.

INJINI INATAKA NINI?

Injini inataka vitu vitatu: hewa, petroli, na moto wa plagi. Vije kwa kipimo na kwa wakati wake.

Usipokanyaga mafuta, mlango wa hewa ndani ya kabureta huwa karibu kufungwa kabisa. Petroli nayo hupitia tundu dogo sana, jeti ya mwendo wa chini. Ndiyo maana kasoro ndogo ambayo huioni gari likikimbia, unaiona hapo. Ni kama koroboi. Utambi ukiwa juu, upepo kidogo hauizimi. Ukiushusha utambi, upepo ule ule unaizima.

KWANZA, DAFTARI

Kabla ya kushika spana, dereva aandike kwa wiki moja: Inazima lini? Ikiwa baridi au ikiwa moto? Ukikanyaga breki? Baada ya mvua? Ukipanda mlima? Baada ya kilomita ngapi? Ikizima, inawaka tena baada ya muda gani?

Daftari hili halina gharama, na linamsaidia fundi kuliko maneno "gari ni mbaya". Tazameni mifano hii:

- Ikikimbia ni nzuri, ukiachilia inazima: jeti ya mwendo wa chini imeziba, au hewa inaingia pasipofaa.
- Inazima ukikanyaga breki: angalia mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki.
- Inaenda kilomita kadhaa, inazima, ikipumzika inawaka: petroli haifiki vizuri, au koili inashindwa ikipata joto.
- Inasumbua baada ya mvua: unyevu kwenye kifuniko cha disitributa au waya za plagi.
- Moshi mweusi na harufu ya petroli: mafuta ni mengi kupita kiasi.

HEWA INAYOINGIA KWA DIRISHA

Hewa inatakiwa kupita kwenye kabureta tu. Gasketi iliyo chini ya kabureta ikipasuka, au mpira mdogo ukikauka na kupata ufa, hewa inaingia kwa dirisha badala ya mlango. Mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inatetemeka.

Kuipata si kazi ngumu. Injini ikinguruma, chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja karibu na sikio na ile nyingine uipitishe polepole kando ya gasketi na mipira. Ukisikia "fsss", umefika. Halafu bana mipira midogo mmoja mmoja kwa vidole. Ukibana mmoja na injini ikatulia, mfuate huo. Mahali pa feni na mkanda msipakaribie.

Mpira wa busta ya breki usiuchelewe hata siku moja. Ukivuja, injini inazima na breki zinakuwa ngumu. Hapo si habari ya maziwa tena, ni habari ya maisha ya watu.

PETROLI: KUTOKA TANGI HADI JETI

Anzeni nyuma, kwenye tangi. Kifuniko cha tangi au kipumulio chake kikiziba, petroli ikitoka hewa haiingii kujaza nafasi yake. Pampu inavuta mpaka inashindwa. Siku ikizima njiani, fungua kifuniko. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, na gari likawaka baada ya hapo, umepata dawa. Tumeona kikundi kilichonunua kabureta nyingine kwa pesa za mavuno, kumbe kasoro ilikuwa kifuniko kilichozibwa na vumbi.

Pili, maji. Toa petroli kidogo kutoka chini ya tangi, uitie kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yatakaa chini na utaona mstari.

Tatu, mafuta ya taa. Uchanganyaji huu ulisumbua nchi yetu mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto. Petroli safi hukauka bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta, nunueni mahali pengine.

Halafu filta, pampu, na mwisho kabureta. Ndani ya kabureta kuna boya dogo linalofunga petroli ikitosha, kama lile la tangi la choo. Uchafu ukikwama kwenye sindano yake, petroli inafurika na plagi zinalowa. Jeti isafishwe kwa petroli safi na upepo wa pampu. Fundi asiichokoe kwa waya! Jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka, gari litakunywa mafuta daima.

Kitu kingine. Kabureta nyingi zina kifaa kidogo cha umeme kinachofungua jeti ya mwendo wa chini. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wake na urudishe. Kikiwa kizima utasikia "tik". Kikiwa kimya, angalieni kama umeme unafika, kabla ya kulaumu kabureta.

Na kumbukeni mlima. Kwenye mita 2,200 hivi, kama Limuru, kani ya hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Kabureta iliyopimwa pwani ikifika huko juu itatoa petroli nyingi kuliko hewa.

MOTO WA PLAGI

Toeni plagi muzisome. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi au moto dhaifu. Nyeupe ni hewa nyingi. Ikiwa na oili, injini yenyewe imechoka, na kusafisha kabureta hakutasaidia.

Pointi huchakaa na nafasi yake hupungua kidogo kidogo. Katika Datsun nyingi za enzi hizo nafasi hiyo ni milimita 0.45 hadi 0.55, lakini fuateni kitabu cha gari lenu. Pointi zikiungua upesi baada ya kubadilishwa, shukuni kondensa.

Gari likizima njiani, kuna swali moja linalogawa njia mbili: ni moto au ni petroli? Toa chujio la hewa, tazama ndani ya kabureta, sukuma mkono wa mafuta. Katika kabureta nyingi utaona petroli ikiruka. Ikiruka, petroli ipo, basi tafuteni moto: koili, pointi, waya. Isiporuka, rudini kwenye filta na tangi. Fanyeni hivyo papo hapo. Mkingoja saa moja, koili itakuwa imepoa na ushahidi umepotea.

Kuna jambo moja zaidi. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Injini zilizotengenezwa kabla ya hapo, zenye viti laini vya vali, zinaweza kuchakaa upesi zaidi. Nafasi za vali zinapungua, silinda inavuja nguvu, na mngurumo unakuwa mbaya. Kwa hivyo vali nazo zipimwe.

SKRUBU IWE YA MWISHO

Fundi mwenye haraka ataongeza skrubu ya kabureta, injini ipige kelele, aseme, "Imepona." Haijapona. Ni sawa na mtu mwenye homa akipewa koti. Injini nyingi za aina hii hutulia kwenye mizunguko 700 hadi 900 kwa dakika. Ikihitaji kwenda juu zaidi ndiyo isizime, ugonjwa bado upo, na mnaulipia kwa petroli kila siku.

Kanuni ni hii: badilisheni kitu kimoja, jaribuni, andikeni. Mkibadilisha vitatu kwa siku moja hamtajua ni kipi kilichosaidia, na mmelipia vyote. Muombeni fundi awarudishie kifaa cha zamani.

TAHADHARI

Handibreki ivutwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Sigara na moto viwe mbali. Leso, tai na mikono mirefu visikaribie feni. Injini isingurumishwe ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mwaka uliopita tulilipa fundi mara ngapi kwa shida ile ile?
2. Nani ataweka daftari la gari, na kamati italisoma lini?
3. Je, dereva wetu anaweza kumwambia fundi gari linazima lini na vipi?
4. Tumeweka akiba ya filta, plagi na pointi, au tunangoja mpaka tukwame?